Mama Léonie Anaenda Wapi kwa Miguu

Gari la tatu liliposimama kando yake, Mama Léonie alijua kwamba hata leo darajani hafiki.

Mawili ya kwanza alikuwa ameyakwepa. Moja lilikuwa la jirani anayepeleka watoto shuleni, na huyo alimpungia mkono huku akijifanya anaongea na simu. La pili lilikuwa taxi-bus ya kwenda mtaa wa Annexe, na kijana wa mlangoni alimwita "mama mukubwa, nafasi iko!" mpaka akachoka mwenyewe. Lakini hili la tatu lilikuwa la Papa Adalbert, mkuu wa kamati ya misaada ya parokia, na Papa Adalbert hakwepeki. Alishusha kioo polepole, akatoa kichwa, akaitazama miguu yake.

"Mama Léonie! Ni weye? Unaenda wapi ku mikulu?"

"Minaenda pale mbele, papa."

"Mbele wapi?"

"Ku daraja."

"Kuko nini ku daraja?"

"Hakuna kitu. Nikifika, minarudia."

Papa Adalbert alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili, na huruma ikamjaa usoni. Msimlaumu. Huku mtaani kwetu Naviundu mwanamke wa heshima aliyevuka hamsini hatembei barabarani asubuhi mikono mitupu. Akiwa na ndoo, anaenda maji. Akiwa na kapu, anaenda sokoni. Akiwa na Biblia kila mtu anajua, na akiwa analia watu wanamfuata waulize nani amekufa. Lakini mikono mitupu, macho makavu, na zile hatua za haraka kama anayefukuzwa na mbwa? Huyo ama amegombana na mume, ama akili imemruka.

"Panda, mama," alisema Papa Adalbert kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Kama mambo iko nguvu ku nyumba, siye tuko."

Kumkatalia gari mzee wa kanisa ni kumtukana. Mama Léonie akapanda. Jasho lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kumtoka mgongoni, nalo likakauka kwa upepo wa dirishani. Alipomshusha mbele ya lango lake, yule mzee alimpa mkono wa kwaheri, na mkono ulipoachana na wake, ndani ya kiganja kulikuwa na noti iliyokunjwa ndogo kama kidonge.

Léonie akabaki amesimama langoni, amefumba kiganja, uso unamwaka. Tangu aolewe, hakuna mtu aliyewahi kumpa pesa ya kuhurumiwa.

Ndani ya parcelle, uani kwao, mumewe Rigobert alikuwa anaosha gari.

Kwa kweli halikuwa chafu. Rigobert alikuwa analiosha jinsi wengine wanavyosali asubuhi. Ilikuwa Corolla nyeupe, kuukuu, aliyoinunua alipostaafu kazi ya reli, kazi aliyoifanya baba yake kabla yake tangu walipohamia kutoka kaskazini ya Katanga. Wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa kutembea. Siku aliyoileta Corolla nyumbani alimfungulia Léonie mlango wa mbele, akainama kidogo kama dereva wa balozi, akamwita kwa jina la binti yao: "Mama Abigaïl, kuanzia leo kikanyagio chako ni hiki, udongo umekwisha." Na mwanamume alitunza neno. Sokoni alimpeleka. Kanisani alimpeleka. Hata kwa Mama Chomba, muuza mikate wa kona, mahali ambapo ukipiga kelele unasikika, alimpeleka. Léonie aliliita gari hilo mke mwenzake, na Rigobert akisikia hivyo alicheka mpaka akashika kiuno.

Leo hakucheka. Simu ilikuwa imeshafika kabla ya mkewe.

"Papa Adalbert aliniita ku téléphone," alisema bila kugeuka, kitambaa kinazunguka palepale kwenye boneti. "Ananiuliza kama gari yangu ilikufa. Nikasema hapana. Akanyamaza. Ile kunyamaza, Léonie! Ule mutu alinyamaza kama mbele ya maiti."

"Si ungemuambia."

"Nimuambie nini?"

"Dokta alisema nitembee. Njo hiyo kitu ya kumuambia."

"Eh! Na akiuliza sababu gani dokta alisema?"

Wote wawili walijua sababu. Rigobert akakamua kitambaa. Katika nyumba ile ugonjwa wa Léonie haukuwa na jina. Mume aliuita "ile kintu". "Umekunywa kinini ya ile kintu?" aliuliza akitazama vidonge vyake. "Ile kintu inakulegeza leo?" Na siku ya kliniki alimpeleka mpaka mlangoni, akabaki nje ndani ya gari, vioo vimefungwa, jua likimchoma.

Kwa hiyo hakuwepo siku Dokta Mwenya alipozungusha kamba ya kupimia juu ya kitovu cha Léonie, akaisoma, akaisoma tena. Dokta alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno machache.

"Sukari peke yake, mama, tungepigana nayo," alimwambia. "Lakini ya kwako imekaribisha wenzake. Tension, presha ya damu, imepanda. Mafuta mabaya yamejaa katika damu, mazuri yamepungua. Na mlango walioingilia ni huu." Akamgusa tumbo kwa ncha ya kalamu. "Wakikaa pamoja hivi hawatanii. Wanachukua moyo, figo, macho, miguu. Vidonge utakunywa, ndiyo. Bukari, ugali wetu, utapunguza, iwe kama ngumi yako, na mboga ya lenga-lenga ijaze sahani. Mafuta kidogo, chumvi kidogo. Lakini mama, wewe unatembea saa ngapi kwa siku?"

"Kutembea kwenda wapi?" Léonie aliuliza.

"Ndiyo hivyo," dokta alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako sasa. Kila siku, haraka haraka, mpaka ushindwe kuimba lakini uweze kusema."

Léonie aliondoka anacheka. Katika maisha yake amepewa kazi nyingi, kulea, kupika, kuzika. Kazi ya kutembea bila kwenda popote hakuwahi kuisikia. Alidhani itakuwa ndiyo rahisi kuliko zote.

Ni Rigobert aliyepata akili ya beseni.

"Sikiliza," alimwambia jioni, amechangamka kama mtu aliyetengeneza injini. "Kinachobasumbua bantu ni mikono yako. Mikono mitupu! Beba kitu. Weka beseni ku kichwa, funika na kitambaa. Bantu bataona mama anaenda ku kazi yake. Nani atauliza?"

"Na ndani ya beseni?"

"Kitu yote. Kisikuwe nzito, usichoke."

"Rigo, weye njo ulipaswa kuwa ministre," alisema mkewe, na akacheka, na kwa kweli alimpenda sana dakika ile, alivyokaa pale amejikuna kidevu, akitafuta njia ya kumsaidia bila kulitaja lile jambo.

Beseni tupu lilipeperuka na upepo, basi Léonie akaweka ndani mashuka mawili yaliyokunjwa na blanketi la maua, akafunika. Siku ya kwanza alifika mbali. Watu walimsalimu, akawasalimu, miguu ikapata moto, akasikia pumzi yake mwenyewe na akaifurahia. Aliliona daraja la mto Naviundu kwa mbali, na akina mama wakiosha mboga chini yake. Akasema moyoni, kumbe inawezekana.

Siku iliyofuata akakutana na Mama Chomba, yule wa mikate.

"Mama Abigaïl! Kumbe siku hizi unauzisha? Ni nini, mikate? Usinichukulie wateja!"

"Hapana, mama, si mikate."

"Lete nione." Na kabla Léonie hajarudi nyuma hatua moja, mkono wa Mama Chomba ulikuwa umeshafunua kitambaa. Akayaona mashuka. Akaliona blanketi, na blanketi lile alilifahamu, maana mwenyewe alikuwepo siku lilipotolewa zawadi ya arusi. Kicheko kikamwisha mdomoni.

"Mawe!" alishangaa kwa sauti ya chini. "Mashuka ya kitanda yako, mama?"

"Si ya kuuzisha, Mama Chomba. Ninayabeba tu."

"Ndiyo, ndiyo. Unayabeba." Mama Chomba alifunika beseni kwa upole, akalisawazisha kichwani kwa mwenzake, akachomoa mikate mitatu ya moto, akaisukumiza juu ya mashuka. "Kula, mama. Kesho utanilipa. Usinilipe hata."

Mkiwa mnamjua Mama Chomba, mnajua kwamba hana ubaya. Mkiwa mnamjua zaidi, mnajua kwamba kabla jua halijafika utosini mtaa mzima ulikuwa na habari: Rigobert wa reli ameanguka, gari analiosha tu kwa sababu hana mafuta ya kulitembeza, na mkewe anauza mashuka aliyolalia.

Jumapili baada ya misa, kamati ya misaada ilikuja.

Walikuja watu watatu, Papa Adalbert mbele na akina mama wawili nyuma, na nyuma yao mkokoteni. Kutoka kwenye mkokoteni vilishuka mfuko wa unga wa mahindi, dumu la mafuta ya mawese, sukari, maziwa ya unga, na kreti nzima ya soda, sucré nyekundu. Vikapangwa barazani mbele ya miguu ya Rigobert, ambaye alikuwa bado na suti ya kanisani na tai.

Léonie alitoka jikoni akavitazama. Unga, mafuta, sukari, sucré. Kama Dokta Mwenya angeombwa aonyeshe kwa mkono kila kitu alichokataza, angeonyesha baraza ile. Kicheko kikampanda, akakimeza.

"Ndugu yetu," alianza Papa Adalbert, "kuanguka si dhambi. Ata Yobu wa mu Biblia alianguka."

Akafungua maombi. Yalikuwa maombi marefu na mazuri. Alimwombea Rigobert ainuke. Aliombea aibu imtoke. Aliombea pensheni ije. Majirani waliokuwa wanapita wakasimama nje ya lango, wakainamisha vichwa, mmoja akaitikia "amina" kabla ya wakati. Léonie hakufumba macho. Alikuwa anamtazama mumewe, jasho linavyomshuka kwenye kola, tumbo linavyopanda na kushuka chini ya tai. Neno moja tu, Rigo, alikuwa akisema moyoni. Sema neno moja. Sema hatuna njaa, muke yangu ni mgonjwa. Fungua mdomo tu.

Maombi yakaisha. Rigobert akafungua mdomo.

"Aksanti," alisema. "Aksanti sana, ba ndugu. Mungu abaongezee."

Wageni wakaondoka. Rigobert alilegeza tai. Alikuwa amezeeka palepale barazani.

"Kesho hutembei tena," alisema. "Yatosha. Nimeuawa leo, Léonie, na umeona."

"Nimeona."

"Nitakupeleka ku kila pahali na gari. Kila siku bantu batuone ndani ya gari, siye wawili, mpaka basahau."

Léonie akaketi juu ya mfuko wa unga, maana ndio uliokuwa karibu naye. Hakuwa amekasirika kama alivyodhani angekasirika. Alikuwa amechoka, na alikuwa anamhurumia.

"Rigo. Nikuulize kitu. Njaa hatuna, lakini umeikubali mbele ya bantu bote. Umesema aksanti. Ugonjwa tuko nayo, na ile unaikataa. Sababu gani? Njaa njo ya heshima kuliko ugonjwa yangu?"

"Usitaje."

"Nitataja. Sukari."

"Léonie!"

"Sukari, Rigo. Iko mu damu yangu. Si mwizi, si mwanamume mwingine. Ni sukari."

Rigobert akageuka ukutani.

"Mama yangu," alisema, na ilibidi aanze tena. "Ile jina haikukuwa mu nyumba yetu. Alikuwa anakonda, anakunywa maji, basi. Anatembea, anacheka. Siku moja infirmier wa ku hospitali akakuja akasema jina. Tangu siku ile, kila mutu aliyeingia alisema jina. Bakamukata mukulu mbele ya Noël. Pasaka hakuiona." Akaugusa mguu wake juu ya goti, akajifuta uso na ncha ya tai. "Nilikuwa ninawaza, tusipoiita, haitasikia. Ninajua ni ujinga. Usinicheke."

Léonie hakumcheka. Alimwacha apumue. Kisha akafanya jambo alilokuwa ameahirisha tangu wiki iliyopita. Akavua soksi ya mguu wa kushoto, akaunyoosha mguu juani. Kwenye dole gumba, chini kidogo ya ukucha, kulikuwa na kidonda cha duara, chekundu, kimeanza kukauka pembeni.

"Kaa la moto," alisema. "Nilikuwa ninapika, likaanguka kutoka ku mbabula. Nikasikia harufu ya nyama. Nikasema, nani anachoma nyama? Nikaangalia chini, Rigo, ni miye."

Rigobert akapiga magoti na suti yake ya kanisani. Akaushika mguu kwa mikono miwili, akauweka karibu na macho.

"Haikuumiza?"

"Haikuumiza ata kidogo. Njo inaniogopesha. Ingeniumiza ningefurahi." Akakigusa kidonda kwa kidole. "Dokta alikisafisha, akasema kitapona, akasema nivae viatu vya kufunika, nisiache kutembea. Miye nataka kuona arusi ya Abigaïl na mikulu yangu yote mbili. Sitaki gari, papa. Ninajua unanipenda. Lakini unanipenda nikiwa nimekaa, na kukaa kunaniua."

Mume alibaki pale sakafuni ameushika ule mguu, analia waziwazi kama mtoto, na mkewe akampapasa kichwa chenye mvi.

Asubuhi, Léonie alivaa viatu vya raba vya Abigaïl, alivyoviacha alipoenda kupanga chumba karibu na chuo, Kasapa. Mikono mitupu. Alipofika langoni akasikia injini ya Corolla ikiwaka, moyo ukamshuka. Basi, alisema moyoni, hakusikia kitu.

"Rigo, nilisema sipandi."

"Nani alisema upande? Tembea."

Akatembea. Corolla ikatoka nyuma yake, ikamfuata mwendo wa konokono, taa za hatari zinawaka na kuzima. Akiongeza hatua, nayo inaongeza. Mbele ya kibanda cha Mama Chomba watu wakatoka kutazama. Nyuma ya gari msururu ukaanza. Manseba mmoja, dereva wa pikipiki, alidhani ni arusi akapiga honi, na mwenzake aliyedhani ni msiba akavua kofia. Léonie alikuwa anacheka na kuhema kwa pamoja, anaona haya, na hajawahi kupendeza hivyo.

"Toka njiani, mzee!" walipiga kelele nyuma.

"Pita juu!" alijibu Rigobert kupitia dirishani. "Barabara ni ya wote!"

Na nani anakuja upande wa pili? Papa Adalbert. Akaona gari, akamwona Léonie mbele yake kwa miguu, akasimamisha gari lake katikati ya barabara na kushuka, hasira tupu.

"Rigobert! Unamufukuza mama na gari? Mbele ya bantu? Mama Léonie, kuja, panda kwangu, huyu amekuwa wazimu!"

Naye Rigobert akashuka. Watu wakasogea. Léonie hakusimama, lakini hatua zilipungua zenyewe, na masikio yote yalikuwa nyuma.

"Muache," alisema Rigobert. "Ni dawa yake."

"Dawa gani, kumutesa?"

Léonie alisikia mumewe akivuta pumzi, akaiachia, akaivuta tena. Alitaka kugeuka amwokoe, aseme yeye, kama alivyozoea kumwokoa. Akajizuia. Akaendelea kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine.

"Muke yangu iko na sukari," alisema Rigobert.

Alilisema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika, ikafika mpaka kwa Mama Chomba. "Sukari, na tension, na mafuta mu damu. Dokta alisema akikaa, atakufa. Akitembea, ataishi. Hatuna njaa, Papa Adalbert. Mufuko yenu iko palepale, kuja muipelekee wenye njaa ya kweli. Nilipokea sababu niliona haya, na ile haya ilikuwa yangu, si yake. Kuanzia leo, mutu akimuona anatembea, amusalimie, amuache apite."

Papa Adalbert akamsogelea. Kisha, mkono wake ukishuka wenyewe juu ya tumbo lake kubwa lililobanwa na mkanda, akauliza polepole, watu wasisikie: "Huyo dokta... anapima bantu siku gani?"

Rigobert alimjibu, lakini Léonie hakuyasikia majibu, maana alikuwa ameshatangulia mbali, machozi na jasho vinamchanganyikia kidevuni. Alikuwa ameufikia mteremko wa darajani aliposikia viatu nyuma yake, viatu vizito vya ngozi, vinakimbia vibaya, na pumzi ya mtu ambaye hajakimbia tangu ujana wake.

Rigobert akamfikia, akaanza kutembea kando yake. Alikuwa anahema tu, ameshika mbavu. Chini yao akina mama waliinua macho kutoka kwenye mboga zao, wakawasalimu.

"Papa Abigaïl," alisema Léonie, "umefunga gari?"

Rigobert alifikiri.

"Sikumbuki," alisema, akamshika mkono, wakavuka.